Jumla, wilaya ya milimani ya Nepal: nchi, watu na maisha yao



Wengi wetu hapa mashariki mwa Kongo tulisikia jina la Nepal kwa mara ya kwanza kupitia askari wa kulinda amani. Hasa Ituri, tuliwaona wakipita na bendera yao isiyofanana na nyingine yoyote: pembe tatu mbili nyekundu, moja juu ya nyingine. Tuliwasalimu, watoto walikimbia nyuma ya magari yao, lakini ni wachache waliouliza watu hawa wanatoka katika nchi ya namna gani.

Katika makala hii tunaeleza wilaya moja tu ya nchi hiyo, nayo ni Jumla. Tungeweza kuzungumza juu ya Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, ambao watu wa nje huujua. Tumechagua Jumla kwa sababu katika mji mkuu wa Nepal wilaya hiyo huitwa "ya mbali" na "ya nyuma", na maneno hayo tunayajua. Ndugu zetu wa Itombwe, wa Walikale na wa milima ya Lubero wamekwisha kuyasikia mara nyingi juu yao wenyewe.

Iko wapi

Nepal ni nchi iliyobanwa kati ya wakubwa wawili. Kaskazini iko China, upande wa Tibet, na pande nyingine zote iko India. Haina bahari. Kongo yetu ni kubwa kuliko Nepal karibu mara 16, lakini watu wa Nepal ni zaidi ya milioni 29 kwa hesabu ya mwaka 2021. Tangu katiba ya mwaka 2015, nchi imegawanywa katika majimbo 7 na wilaya 77. Wilaya tunaweza kuilinganisha na teritware ya kwetu.

Jumla ni moja ya wilaya 10 za Jimbo la Karnali, kaskazini-magharibi. Jimbo hilo ndilo kubwa kuliko mengine kwa eneo, lakini ndilo lenye watu wachache kuliko yote. Jumla yenyewe ina kilomita za mraba 2,531, na mwaka 2021 ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 118,000, yaani kama 47 kwa kila kilomita ya mraba. Mtu wa Kabare au wa Idjwi atasema huo ni upweke. Lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni miamba, misitu na theluji, na watu wote wamejibana katika mabonde machache yanayolimika.

Makao makuu ya wilaya ni Khalanga, katika manispaa ya Chandannath, kando ya mto Tila. Mji uko kama mita 2,300 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Tukumbuke kwamba Goma iko karibu mita 1,500. Huko, bonde ndilo liko mita 2,300, na milima inaanzia hapo kwenda juu.

Milima, mito na majira

Mto Tila unateremka kuingia mto Karnali, Karnali unashuka hadi India, na maji yake huishia katika Ganges na Ghuba ya Bengali. Maji ya Jumla kwa hiyo hunywesha mamilioni ya watu ambao hawajasikia jina lake.

Majira ni manne. Mvua kubwa, ile ya monsuni, huja kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9, ingawa upande huu wa magharibi hupata mvua kidogo kuliko mashariki ya Nepal. Kisha huja miezi ya anga safi na mavuno. Kuanzia mwezi wa 12 theluji hufunga vipito vya juu, na hata mabondeni maji huganda usiku. Wakati huo hakuna kulima. Watu hukaa karibu na moto, wanasokota sufi, wanatengeneza vyombo, na wanaume wengi huwa wamekwisha kushuka India kutafuta kazi.

Miteremko ina misitu ya misonobari na mialoni. Kuni zake ndizo moto wa jikoni, na vipande vya msonobari vyenye utomvu vimekuwa taa ya usiku kwa vizazi vingi. Moshi wake ni mzito, na akina mama pamoja na watoto wachanga ndio wanaouvuta zaidi. Magonjwa ya kifua yametoka humo. Ndiyo maana majiko yenye bomba la kutolea moshi na taa za nguvu ya jua zimekuwa kazi muhimu za maendeleo katika eneo hilo.

Ufalme wa zamani uliotoa lugha ya taifa

Hapa ndipo msomaji asimame kidogo. Bonde la Sinja, ndani ya wilaya hii hii, lilikuwa makao makuu ya ufalme wa Khasa, uliotawaliwa na wafalme walioitwa Malla, kati ya karne ya 12 na ya 14. Ufalme huo ulienea magharibi ya Nepal ya leo na hadi sehemu za Tibet. Katika bonde hilo kumebaki magofu ya majengo ya kifalme na mahekalu, na maandishi ya karne ya 13 yaliyochongwa juu ya miamba. Ni kati ya mifano ya zamani kabisa ya lugha ambayo leo tunaiita Kinepali. Mwaka 2008 Nepal iliandikisha bonde la Sinja katika orodha yake ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia wa UNESCO.

Ufalme ulipovunjika, zilitokea falme ndogo nyingi, na Jumla ilibaki yenye nguvu kati yao mpaka mwaka 1789, iliposhindwa na majeshi ya Gorkha, wale walioiunganisha Nepal. Tangu siku hiyo amri zilitoka Kathmandu, na Jumla ikawa pembezoni.

Lakini lugha ilibaki. Lugha ya Khasa ilisafiri pamoja na watu wake kuelekea mashariki, bonde kwa bonde, mpaka ikawa lugha ya serikali na ya masomo. Katika hesabu ya mwaka 2021, zaidi ya asilimia 44 ya watu wa Nepal walisema ndiyo lugha yao ya mama, na wengi wa waliobaki huitumia kama lugha ya pili. Waziri akihutubia bunge kule Kathmandu, anasema kwa lugha iliyokomaa katika mabonde ambayo leo huitwa ya nyuma.

Watu, nyumba na utaratibu wa jamii

Wakaaji wengi wa Jumla ni Wahindu. Wengi ni wa tabaka la Chhetri, wakiwemo pia Thakuri na Brahmin, na pia watu wa Dalit, ambao kwa desturi wamekuwa wahunzi, washonaji na watengeneza ngozi. Juu kuna vijiji vya watu wenye lugha na dini za Kibuddha. Wakristo ni wachache. Katika Nepal nzima hawafiki asilimia 2, na sheria inakataza kumgeuza mtu dini.

Nyumba hujengwa kwa mawe, mbao na udongo. Paa ni bapa, la udongo ulioshindiliwa. Wanyama hulala chini, watu hukaa juu yao, na joto la ng'ombe hupanda kuwasaidia wenye nyumba wakati wa baridi. Mtu hupanda darini kwa gogo moja lililochongwa vidato. Paa hilo ndilo uwanja wa familia: hapo nafaka inapurwa, pilipili inaanikwa, watoto wanacheza, wazee wanaota jua. Kijiji kikijengwa mtelemkoni, paa la nyumba ya chini huwa baraza la nyumba ya juu.

Utaratibu wa matabaka ulikuwa na uchungu wake. Mtu wa Dalit hakuruhusiwa kuingia nyumba ya mtu wa tabaka la juu wala kugusa maji yake. Sheria ya mwaka 1963 iliondoa ubaguzi huo kwenye maandishi, na sheria nyingine ya mwaka 2011 iliweka adhabu. Hata hivyo, kwenye bomba la maji la kijiji sheria hutembea polepole kuliko desturi.

Desturi nyingine ni ile iitwayo chhaupadi, ya kumtenga mwanamke wakati wa siku zake za mwezi, mara nyingi katika kibanda kidogo au zizi la wanyama. Ni ya magharibi ya Nepal, na wanawake wamekufa humo kwa baridi, kwa moshi na kwa kuumwa na nyoka. Mahakama kuu iliikataza mwaka 2005. Sheria ya mwaka 2017 iliifanya kuwa kosa la jinai, kwa kifungo cha miezi 3 au faini ya rupia 3,000. Wanawake wenyewe, walimu wao na wauguzi wao ndio wanaoibomoa kidogo kidogo, nyumba kwa nyumba.

Mchele mwekundu na mchele uliotoka angani

Mchele hupenda joto. Lakini wakulima wa Jumla wanaupanda mahali ambapo usingetarajiwa kuota. Aina yao ya mchele mwekundu, iitwayo Marsi, hulimwa Chhumchaur hadi karibu mita 3,050, na hapo panahesabiwa kuwa kati ya mashamba ya mpunga yaliyo juu kuliko yote duniani. Masimulizi ya wenyeji yanasema mtu mtakatifu aliyeitwa Chandannath aliileta mbegu kutoka Kashmir na kuwafundisha kuilima. Hekalu lake liko katikati ya Khalanga.

Ufundi wenyewe unastahili kuelezwa. Mwezi wa 3, wakati baridi ingali kali, wakulima huloweka mbegu majini siku kadhaa, kisha huiweka ndani ya nyumba mahali penye joto, mpaka ichipuke. Ndipo huipeleka kwenye kitalu, na baadaye shambani. Kwa njia hiyo mmea unapata muda wa kukomaa kabla baridi ya mwaka haijarudi. Anayechelewa anaweza kukosa mavuno. Marsi ina adui wake, ugonjwa wa ukungu unaounguza majani na shingo ya suke. Kwa hiyo watafiti wa kilimo wa Nepal walitoa aina zinazostahimili zaidi, wakaziita Chandannath-1 na Chandannath-3.

Lakini mpunga hukubali tu mahali pa kumwagilia. Kwenye miteremko mikavu wazee walipanda shayiri, ulezi, nafaka ndogo za kaguno na chino, mbegu nyeusi iitwayo phapar, na maharage. Maharage ya Jumla yana sifa katika Nepal yote. Huuzwa yakiwa yamechanganyika, mekundu, meusi, ya madoa na ya manjano, sawasawa na akina mama wetu wanavyoyachanganya sokoni.

Kuanzia miaka ya 1970 serikali ilianza kupeleka Karnali mchele mweupe kwa ndege, ukiuzwa kwa bei iliyopunguzwa. Nia ilikuwa njema, kwa maana miaka ya ukame ilikuwa na njaa kweli. Lakini mchele ule ulikuwa mdogo kuliko mahitaji, na watumishi wa serikali ndio mara nyingi waliupata kwanza. Wengine walitembea siku nzima na kupanga mstari mbele ya ghala, kisha wakarudi na kilo chache.

Kukatokea na jambo lingine lisilokusudiwa. Mchele mweupe ukawa chakula cha heshima, na kaguno na chino vikawa chakula cha aibu. Nyumba iliyokuwa na nafaka zake ghalani ilianza kujihesabu kuwa haina chakula kwa sababu haina mchele. Nafaka hizo ndogo zina chuma na nyuzi nyingi kuliko mchele uliokobolewa, na zinavumilia ukame. Mashamba yake yalipunguka mwaka hadi mwaka. Wakulima na wataalamu wengi wa Nepal wamelisema jambo hili kwa sauti, na sasa mbegu za zamani zinatafutwa tena. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka hizo duniani.

Njaa haikuwa hadithi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016, zaidi ya nusu ya watoto wa Karnali walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha karibu asilimia 36. Bado ni wengi, lakini hatua imepigwa, na imepigwa kwa kuunganisha chakula, maji safi, chanjo na elimu ya mama.

Chumvi, kondoo na barabara

Kabla ya barabara, biashara ya Karnali ilitembea juu ya mgongo wa kondoo na mbuzi. Kila mnyama alibeba mifuko miwili midogo ya sufi. Walipanda na nafaka kwenda Tibet na kurudi na chumvi. Baada ya mwaka 1959 mpaka wa Tibet ulibanwa, na baadaye chumvi ya India yenye madini ya joto ikaletwa kwa bei ya chini. Chumvi hiyo iliokoa wengi na ugonjwa wa rovu, lakini misafara ilipoteza kazi. Jambo moja jema lilifunga mlango wa mkate wa watu wengine, na hakuna aliyewaandalia mlango mwingine.

Kwa muda mrefu, kutoka Jumla hadi nchi tambarare ilikuwa zaidi ya wiki moja kwa miguu, au chini ya saa moja kwa ndege ndogo ya kwenda Nepalgunj, kama mawingu yakiruhusu na kama una feza. Katika miaka ya 2000, barabara ya Karnali, kilomita 232 kutoka Surkhet, ilifika Khalanga. Ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima juu ya mto, na wakati wa mvua maporomoko huifunga mara kwa mara. Magari yameanguka humo na watu wengi wamekufa.

Hata hivyo barabara iligeuza hesabu ya maisha. Chukua pome, matunda ambayo serikali ilianza kuhimiza watu wapande miaka mingi kabla. Yalizaa vizuri, lakini hayakuwa na njia ya kutoka. Mengine yalikaushwa, mengine yakaliwa na ng'ombe, mengine yakaoza chini ya miti. Mwaka 2007 viongozi wa wilaya walitangaza Jumla kuwa wilaya ya kilimo kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani, na barabara ilipofunguka, pome zake zilifika miji ya kusini zikiwa na jina. Lakini lori lililoshuka na pome lilipanda na mchele wa kiwandani, mie za pakiti na vinywaji vya chupa. Barabara haichagui kinachopita juu yake. Watu wa bonde ndio wanaopaswa kuchagua, na ni vigumu kuchagua kama hukujiandaa.

Zao lingine ni yarsagumba, uyoga unaoota ndani ya kiwavi chini ya udongo wa malisho ya juu. Wachina hununua kwa bei kubwa sana kama dawa. Kila mwaka, mwezi wa 5 na wa 6, vijiji karibu vyote hupanda milimani kuutafuta, na masomo mengi hufungwa kwa kuwa watoto huwafuata wazazi. Macho ya mtoto huona vizuri karibu na ardhi. Wale wetu walioona madarasa ya Masisi au Shabunda yakibaki tupu kwa sababu ya machimbo wataelewa bila maelezo zaidi.

Vita, afya na masomo

Kati ya mwaka 1996 na 2006 Nepal ilikuwa na vita vya ndani kati ya serikali na waasi wa Kimaoisti, na zaidi ya watu 13,000 walikufa. Milima ya magharibi iliumia sana. Mwezi wa 11 mwaka 2002 waasi walishambulia Khalanga usiku. Askari, polisi na raia waliuawa. Vijana wengi walikimbilia India ili wasichukuliwe na upande huu wala ule. Amani ilipotiwa sahihi mwaka 2006, sababu moja iliyotajwa na wengi ya vita hivyo ilikuwa hii: serikali ilionekana Karnali kama polisi na mtoza kodi, lakini haikuonekana kama daktari wala mwalimu.

Baadaye mambo yalianza kugeuka. Mwaka 2011 sheria iliunda chuo cha sayansi za afya cha Karnali, chenye hospitali yake, na kikawekwa Jumla yenyewe. Maana yake ni kwamba mama mwenye uchungu wa kuzaa uliokwama anaweza kufanyiwa upasuaji ndani ya wilaya, na kijana wa kijiji anaweza kusomea udaktari au uuguzi bila kuhama milima. Kabla ya hapo, kuanzia miaka ya 1980, shule ya ufundi ya Karnali iliyosaidiwa na United Mission to Nepal ilikuwa imewafundisha vijana wa eneo hilo kilimo, ujenzi na huduma za afya. Wazo lilikuwa lile lile: mtaalamu aliyezaliwa bondeni habebi mizigo yake kuondoka theluji ya kwanza ikianguka.

Mbali na nani?

Tumalizie na neno lenyewe, "mbali". Ukisema Jumla iko mbali, umekwisha kusema umesimama wapi. Mwaka 1300, mtu wa Sinja angesema Kathmandu ndiyo iko mbali. Natanaeli naye alipouliza juu ya Nazareti alikuwa na ramani ya namna hiyo kichwani.

Wale wanaoitwa wa mbali huanza kuhesabiwa kwa vile wasivyo navyo: hawana barabara, hawana umeme, hawana mchele. Hesabu hiyo ni ya kweli, na hatuisemi vibaya; mama anayetokwa damu njiani hahitaji sifa za mababu, anahitaji daktari. Lakini hesabu ya pili ni lazima ifanywe pamoja na ya kwanza: wana nini? Jumla ilikuwa na lugha, mbegu, ufundi wa kuchipusha mpunga katika baridi, na maharage ya kila rangi. Msaada uliofika bila kuuliza swali la pili ulishibisha tumbo mwaka huo na kuondoa mbegu ghalani mwaka uliofuata. Ule uliouliza, kama vile chuo cha afya kilichojengwa pale pale, umebaki.

Nasi tunawaomba ndugu wa makusanyiko yaliyo mbali na barabara kuu, nyanda za juu, msituni na visiwani, watuandikie. Mbegu gani za mababu zingali zinapandwa kwenu? Nani anazitunza, na vijana wangapi wanajua namna ya kuzipanda? Majibu yenu tutayaweka hapa, kila kijiji kwa jina lake.